Draiva haioni pini yake: kusaka chanzo kuanzia kwenye jina

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye bodi ya Linux, draiva (programu ya kuendesha kifaa) inayotakiwa kuendesha pini, na pini isiyotii. Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni kisanduku cha ghala la karafuu Wete, Pemba: Raspberry Pi 4, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya feni, kengele ya tahadhari na swichi ya mlango. Mfano huu tumeuchagua kwa sababu hitilafu yake ina gharama. Karafuu zilizoingizwa ndani mbio na mvua ya vuli kabla hazijakauka hazistahimili kulala usiku mzima bila upepo. Zikirundikwa mbichi hupata joto na kuota ukungu, na asubuhi bei imeshashuka. Draiva inayoshindwa kimyakimya ni mbaya kuliko inayoshindwa kwa kelele, na sehemu ndefu zaidi hapa chini ni ya ukimya huo.

Kwanza, tenganisha vitu vinne

Matatizo mengi ya aina hii hutokana na kuchanganya vitu vinne ambavyo vyote mafundi huviita "pini":

Jina la kazi ni lile ambalo draiva inaliomba: "feni", "kengele", "mlango". Linaeleza pini inafanya nini kwa kifaa hicho, wala halisemi lolote kuhusu bodi.

Jina la laini ni lile ambalo bodi imeipa laini yake, kama "GPIO17". Hutoka kwenye sifa ya gpio-line-names, nalo ndilo unaloliona ukiendesha gpioinfo.

Namba ya laini ni 17, yaani nafasi yake ndani ya chipu ya GPIO, ile inayosimamia pini za kuingiza na kutoa ishara.

Namba ya mguu ni 11, mahali unapochomeka waya kwenye safu ya miguu 40.

Draiva ya keneli (kiini cha Linux) hutafuta kwa jina la kazi. Mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya bodi ambayo keneli huyasoma) ndio unaolifunga jina hilo na chipu na namba ya laini. Jina la laini halina sehemu katika utafutaji huo, na mguu wa 11 ni habari ya mtu mwenye koleo mkononi. Ukiandika 11 mahali pa 17 hutapata hitilafu yoyote, kwa sababu GPIO11 ipo kweli: iko mguu wa 23 na ndiyo saa ya SPI, njia ya mawasiliano kati ya chipu. Relei itakaa tu kimya.

Hii ndiyo nodi yetu, yaani sehemu ya mti wa vifaa inayoeleza kisanduku chetu:

```
kausha {
    compatible = "karafuu,kausha";
    feni-gpios    = <&gpio 17 1>;
    kengele-gpios = <&gpio 27 0>;
    mlango-gpios  = <&gpio 22 1>;
};
```

Na ndani ya draiva:

```
feni = devm_gpiod_get(dev, "feni", GPIOD_OUT_LOW);
if (IS_ERR(feni))
    return dev_err_probe(dev, PTR_ERR(feni), "pini ya feni\n");
```

Keneli inachukua "feni", inaongeza "-gpios", na kuitafuta sifa hiyo kwenye nodi ya kifaa. Isipoiona hujaribu "feni-gpio", mtindo wa zamani ambao bado unakubalika lakini usiutumie kwa kazi mpya. Ikikosa zote mbili huangalia majedwali ya utafutaji yaliyosajiliwa na msimbo wa bodi. Hapo ndipo inapokata tamaa.

Amri tatu kabla ya kufungua msimbo

Mtu wa Wete akikupigia simu nawe uko Unguja, usimwambie akuletee kisanduku kwa boti. Mwombe majibu ya hizi:

```
dmesg | grep -i kausha
sudo cat /sys/kernel/debug/gpio
ls /proc/device-tree/kausha/
```

Ya kwanza inaonyesha namba ya kosa. Ya pili inaonyesha nani ameshika laini ipi. Ya tatu inaonyesha kama nodi yako imefika kwenye keneli, au imebaki kwenye faili tu. Kwa majibu haya matatu, mara nyingi utajua uende kwenye dalili ipi hapa chini.

Dalili: kosa -2 wakati draiva inapakiwa

Hii ni ENOENT. Keneli imetafuta jina la kazi na haikulipata. Sababu, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea mara nyingi:

Draiva imeomba "feni-gpios" badala ya "feni". Keneli ikaongeza kiambishi chake na kwenda kutafuta "feni-gpios-gpios". Kosa hili huzaliwa kwenye nyaraka: mwandishi ameandika "jina la pini ni feni-gpios", msomaji akanakili hivyo hivyo. Ukiandika nyaraka za draiva, taja majina mawili kando: lile la kwenye mti wa vifaa na lile la kwenye msimbo.

Herufi hazilingani. "mlango_nje" na "mlango-nje" ni majina mawili tofauti, na "Feni" si "feni". Ulinganisho ni wa herufi kwa herufi.

Sifa iko kwenye nodi nyingine. Ikiwa nodi ya kausha ina nodi ndogo ndani yake na feni-gpios imeandikwa kwenye hiyo ndogo, devm_gpiod_get haitashuka kuitafuta. Hamisha sifa juu, au tumia devm_fwnode_gpiod_get ukiipa nodi ndogo yenyewe.

Oveleyi (kipande kinachoongezwa juu ya mti wa vifaa) iliyopakiwa ni ya zamani. Umerekebisha faili la dts (chanzo chake), umesahau kukompaili, au umenakili dtbo (faili lililokompailiwa) kwenye folda isiyo yake. Kwenye Raspberry Pi OS ya Bookworm na baada yake folda ni /boot/firmware/overlays. Kabla ya hapo ilikuwa /boot/overlays. Usiliamini faili. Soma kile ambacho keneli inakiona:

```
xxd /proc/device-tree/kausha/feni-gpios
```

Unatarajia baiti 12, yaani namba tatu za baiti nne kila moja. Ya kwanza inaelekeza kwenye chipu, nayo hubadilika kutoka bodi hadi bodi. Ya pili ni 00000011, ambayo ni 17 kwa heksadesimali. Ya tatu ni 00000001, alama ya kwamba laini hufanya kazi ikiwa chini. Watu huiona 11 hapo wakadhani ni mguu wa 11. Ni sadfa tu.

Ikiwa yote haya yako sawa na bado unapata -2, washa maelezo ya ndani kisha pakia draiva upya:

```
echo 'file gpiolib* +p' | sudo tee /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
sudo modprobe -r kausha && sudo modprobe kausha
dmesg | tail -n 30
```

Keneli itaeleza imetafuta kwenye mti wa vifaa au kwenye jedwali, na kwa jina lipi. Ukiona "No GPIO consumer feni found", jina lililomo kwenye ujumbe ndilo lililoombwa kweli. Lilinganishe na sifa yako herufi moja moja.

Dalili: hakuna kosa, draiva imepakiwa, pini haifanyi kitu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na katika ghala ndipo karafuu huharibika.

Angalia kwanza kama draiva imetumia devm_gpiod_get_optional. Fanksheni hiyo, ikikosa sifa, hairudishi kosa. Inarudisha NULL. IS_ERR haiihesabu NULL kuwa kosa, kwa hiyo draiva inaendelea mbele. Kisha gpiod_set_value ikipewa NULL hurudi bila kufanya kitu na bila kusema kitu. Herufi moja iliyokosewa kwenye mti wa vifaa inazaa draiva iliyopakiwa vizuri, logi safi, na feni iliyolala.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye /sys/kernel/debug/gpio, laini iliyochukuliwa huonekana na jina la kazi pembeni yake, hivi:

```
gpio-529 (GPIO17 |feni ) out hi ACTIVE LOW
```

Neno "feni" lisipokuwepo, draiva haijaishika laini yoyote kwa jina hilo. Usipoteze muda kupima waya.

Dawa yake si kuiondoa _optional kila mahali. Ina kazi yake: kengele si lazima kila ghala liwe nayo. Lakini feni ni ya lazima, na pini ya lazima iombwe kwa devm_gpiod_get ya kawaida ili ikikosekana draiva ikatae kupakiwa. Kwa zile za hiari, ongeza mstari mmoja:

```
if (!kengele)
    dev_info(dev, "hakuna kengele-gpios, kengele haitatumika\n");
```

Mstari huu ndio unaomwezesha fundi wa zamu kujua bila kusoma msimbo.

Kuna sababu ya pili ya ukimya huu. Keneli iliyojengwa bila CONFIG_GPIOLIB huipa devm_gpiod_get kosa -38, lakini devm_gpiod_get_optional hurudisha NULL ileile. Kwenye Raspberry Pi OS hutakutana nalo. Kwenye keneli uliyoipunguza mwenyewe kwa bodi ndogo, linatokea.

Ikiwa jina "feni" lipo na hali yake inabadilika kati ya hi na lo unapoamuru, keneli imeshamaliza kazi yake. Sasa chukua mita, weka ncha nyeusi mguu wa 9 na nyekundu mguu wa 11. Unatarajia karibu 3.3 V au karibu 0. Volti zikibadilika na relei isibadilike, tatizo ni waya, relei au kutu. Hewa ya chumvi hula viungio haraka hapa kwetu, khasa kisanduku kikiwa upande wa pwani. Chomoa, safisha kwa spiriti, chomeka tena, kisha upime kwenye skrubu ya relei na si kwenye bodi peke yake.

Dalili: feni inawaka inapoamriwa kuzima

Mara nyingi ni kugeuza mara mbili. Moduli nyingi za relei za bei nafuu, zile zenye optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga), huwaka pini ikishuka hadi 0. Ndiyo sababu nodi yetu ina 1 mwishoni mwa feni-gpios: alama ya kwamba laini hufanya kazi ikiwa chini. Baada ya alama hiyo draiva inatakiwa isahau umeme kabisa. gpiod_set_value(feni, 1) maana yake ni "washa feni", na keneli yenyewe ndiyo inayoishusha laini.

Draiva ya zamani iliyozoea namba tupu ilikuwa ikiandika 0 ili kuwasha. Ukiihamishia kwenye majina bila kubadilisha hizo 0 na 1, unageuza mara ya pili. Chagua mahali pamoja pa kugeuza, napo pawe mti wa vifaa, kwa sababu moduli ya relei ikibadilishwa kesho, fundi atagusa oveleyi peke yake. Fanksheni ya gpiod_set_raw_value huipuuza alama hiyo. Ukiikuta kwenye draiva ya relei, iulize imefika hapo kwa nini.

Mtego huohuo uko kwenye kuomba. GPIOD_OUT_LOW haina maana ya "0 V". Maana yake ni "anza ukiwa umezimwa". Kwa laini inayofanya kazi ikiwa chini, hiyo ni 3.3 V kwenye mguu. Katika mfano wa logi hapo juu, "out hi ACTIVE LOW" ni feni iliyozimwa, kwa kuwa "hi" pale ni hali ya umeme wenyewe.

Kuna hali inayofanana na hii lakini chanzo chake ni volti: relei inawaka vizuri, ikiamriwa kuzima inabaki imeshika au taa yake inafifia tu bila kuzimika. Moduli inalishwa 5 V na bodi inatoa 3.3 V. Tofauti ya 1.7 V inayobaki inaweza kutosha kuiacha optokapla nusu macho. Ikiwa moduli ina kiunganishi cha JD-VCC, kitoe, peleka 5 V kwenye JD-VCC na 3.3 V kwenye VCC. Hakuna sifa ya mti wa vifaa itakayoitibu hali hii.

Na feni ikishtuka kwa sekunde chache bodi inapowashwa, kisha ikatulia: draiva bado haijafika. GPIO9 hadi GPIO27 huanza zikiwa zimevutwa chini, na relei inayowaka pini ikiwa chini huweza kulitafsiri hilo kuwa amri. Andika `gpio=17=op,dh` kwenye config.txt ili laini ipandishwe mapema, kabla keneli haijaanza, au hamisha relei kwenye GPIO5 au GPIO6, ambazo huanza zikiwa zimevutwa juu.

Dalili: kosa -517, au draiva "inasubiri" bila mwisho

Kosa hili, EPROBE_DEFER, si kushindwa. Jina limepatikana, lakini chipu ambayo jina hilo linaielekea haijasajiliwa bado. Kwa pini za bodi yenyewe ni nadra. Utaliona ukiongeza kipanuzi (chipu ya kuongeza pini) kama MCP23017 kwa sababu miguu imekwisha.

```
sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
i2cdetect -y 1
```

Amri ya kwanza inataja kifaa kinachosubiri, na kama draiva imetumia dev_err_probe, sababu yake pia. Ya pili inaonyesha kipanuzi: ukiona UU kwenye 20, draiva yake imekishika; ukiona 20 yenyewe, chipu inajibu lakini hakuna draiva iliyoichukua, kwa hiyo angalia kama umeweka `dtoverlay=mcp23017,addr=0x20,gpiopin=4`; ukiona vistari tu, rudi kwenye waya za SDA na SCL na miguu ya anwani.

Usiiandikie draiva msimbo wa kusubiri na kujaribu tena. Irudishe -517 kama ilivyo. Keneli itajaribu upya yenyewe. Pini za kipanuzi zinapita kwenye I2C (njia ya waya hizo mbili, SDA na SCL), hivyo tumia gpiod_set_value_cansleep, la sivyo logi itajaa maonyo.

Dalili: kosa -16

Laini ina mwenyewe. Angalia jina lililo pembeni yake kwenye gpioinfo. "sysfs" maana yake kuna skripti ya zamani iliyoiandika namba kwenye /sys/class/gpio/export. Jina la taa maana yake oveleyi nyingine imeichukua. gpioset maana yake mtu aliiacha ikiendeshwa tangu alipokuwa anajaribu. Mwondoe mwenyewe wa zamani. Usibadilishe namba ya laini ili kumkwepa.

Dalili: kosa -22

Idadi ya namba ndani ya mabano si sahihi. Chipu ya bodi hii inataka mbili baada ya &gpio: laini na alama. Ukiandika `<&gpio 17>` peke yake utalipata kosa hili. Nalo dtc (kikompaili cha mti wa vifaa) likikataa neno GPIO_ACTIVE_LOW kwa kosa la sintaksia, ni kwa sababu halijui majina hayo bila faili kupitishwa kwanza kwa cpp (programu ya C inayobadilisha majina hayo kuwa namba). Ama pitisha, ama andika 1 na 0 kama sisi.

Dalili: kwa jedwali la utafutaji, hakuna kinachopatikana

Bodi isiyo na mti wa vifaa hutumia gpiod_lookup_table. Hapo mambo matatu lazima yalingane. dev_id iwe sawasawa na jina la kifaa kwenye /sys/bus: kifaa kilichosajiliwa kwa namba 0 ni "kausha.0", kilichosajiliwa kwa -1 ni "kausha" tupu, na cha I2C huwa na umbo la "1-0044". Lebo ya chipu iwe ile inayotolewa na gpiodetect ndani ya mabano ya mraba, kama "pinctrl-bcm2711", si "gpiochip0". Na jina la kazi liwe lilelile la draiva.

Hapa pekee ndipo jina la laini lina nafasi upande wa keneli: ukiweka U16_MAX mahali pa namba ya laini, ufunguo husomwa kama jina la laini badala ya lebo ya chipu. Lebo ikikosewa, utapata -517 isiyokwisha na si -2, kwa sababu keneli inadhani chipu itakuja baadaye.

Dalili: draiva ni nzima, skripti ya majaribio ndiyo inayokosea

Skripti nyingi zina namba tupu ndani yake, na namba tupu hazidumu. Kwenye Pi 4, kuanzia keneli 6.6, GPIO17 ya sysfs si 17 tena. Ni 529, kwa kuwa hesabu inaanzia 512. Kwenye Pi 5 chipu ya miguu ilikuwa gpiochip4, kisha ndani ya mfululizo huohuo wa 6.6 ikawa gpiochip0. Tumia jina la laini: kwa libgpiod 1 (kifurushi chenye amri kama gpioinfo na gpioset) ni `gpiofind GPIO17`; kwa libgpiod 2 gpiofind imeondolewa, andika `gpioinfo GPIO17` au `gpioset GPIO17=1` moja kwa moja. Kumbuka kwamba gpioset ya toleo la 2 huishikilia laini mpaka uikatize, na hiyo ni njia rahisi ya kujiletea -16 mwenyewe.

Ukiamua kuyapa majina ya laini mwenyewe kwenye gpio-line-names, usiruke nafasi. Orodha husomwa kwa mpangilio, na laini isiyo na jina lazima ipewe "" yake. Ukisahau moja, majina yote yanayofuata yanarudi nafasi moja nyuma, na "mlango" utakuwa unasoma waya wa jirani yake. Majina hayalazimiki kuwa ya pekee pia. Yakiwa mawili sawa, gpiofind inakupa la kwanza tu.